Nani Alizishona

Watu husema: fulani kashika hatamu.
Sijamsikia aulizaye nani alizishona.

Nilizishona mie.
Mjini Walsall, ghorofa ya pili, dirisha la kaskazini,
miaka thelathini na minane juu ya kigoda kimoja,
kibano cha mbao kati ya magoti
kama mtoto asiyetaka kunyolewa.
Uzi wa kitani niliusokota mwenyewe, nyuzi nne juu ya paja,
nta ya nyuki ikinukia hadi kwenye mkate wangu wa mchana.

Sindano mbili, uzi mmoja.
Msharasi unatangulia kutoboa,
sindano ya kulia inapita, ya kushoto inafuata,
tundu lile lile,
zinapishana kama majirani mlangoni
wasiosalimiana lakini wanajuana hadi madeni.
Kisha vuta, huku na huku.
Kiwiko changu kiligonga ukuta kila nilipovuta;
rangi ilibanduka pale, na haijapakwa tena.

Mishono kumi kwa inchi kwa hatamu ya kazi,
kumi na miwili kwa ya maonyesho.
Bwana Enoch Rudge alipitisha ukucha juu ya mshono
amefumba macho. Ukucha ukikwama
alitoa kisu, hasemi neno.
Mwaka ule wa kwanza
nilifumua kuliko nilivyoshona.

Halafu, themanini na moja, ikaja cherehani.
Ilipandishwa ngazi na wanaume wanne na matusi yao,
ya kijani, nzito kama ng'ombe mwenye mimba.
Akaajiriwa Balwinder Kaur kuiendesha,
aliyekuwa akishona makoti huko Smethwick.
Kabla ya chai ya saa nne
alikuwa amemaliza wiki yangu.
Nilimchukia kwa dakika ishirini hivi,
mpaka alipokuja na chapati, na achari ya ndimu,
akaniomba nimwoneshe msharasi unavyoshikwa.

Sitasema uongo: mshono wake ulinyooka kuliko wangu.
Ila wa cherehani una nyuzi mbili,
wa juu na wa chini, kila mmoja na upande wake,
zinashikana katikati ya ngozi, gizani.
Ukikatika mmoja, wa pili hauna wa kuushika,
na mshono mzima unafumuka kama umbea.
Wangu ni uzi mmoja uliokwenda ukarudi.
Ukate hapa, bado uko pale.
Ndivyo nilivyofundishwa.
Ndivyo nilivyomwambia Balwinder,
mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwaka juzi mkulima Clement Yardley
aliniletea hatamu mbili ndani ya gunia la shayiri.
Moja yangu: naijua kwa ile mishono mitatu ya kurudi nyuma,
wenzangu wote walirudi miwili.
Moja ya Balwinder.

Yangu ndiyo iliyokatika.
Si mshononi, la. Mshono ulikuwa umekaza vile vile,
umekumbatia ngozi kavu kama ganda la mkate.
Ilining'inia bandani tangu farasi wa mkewe alipokufa,
wala hakuna aliyeipaka mafuta.
Ya Balwinder ilikuwa laini kama sikio:
binti yao huisugua kila Jumapili,
hajui ilishonwa na nini, wala hajali.

Nilicheka hadi Yardley akaniuliza kama nataka maji.

Usiku nikakata kipande kipya.
Pale karibu na lijamu, penye mate na mvuto,
nilishona kwa mkono. Minane kwa inchi;
macho hayaniruhusu zaidi.
Sehemu ndefu iliyobaki
nikaipeleka kwa ile ng'ombe ya kijani,
nikagusa kanyagio kwa ncha ya kiatu,
na karakana ikiwa tupu, nikasema kwa sauti:
Balwinder, njoo uangalie,
naona kama ninapinda.